Sahani Iliyofunikwa Nailoni

Mheshimiwa Mkurugenzi Kuroiwa. Mheshimiwa Diwani wa mji wetu wa Sabae. Ndugu wageni waalikwa. Wenzangu wa chumba cha kung'arisha fremu za miwani. Na wewe, Mama Uozumi Hisae, unayetuaga leo baada ya miaka thelathini na minne:

Nimepewa dakika ishirini. Sitazimaliza, na sababu yake inaning'inia pale ukutani, ile saa.

Kila Januari tunaandika kwa brashi malengo yetu ya mwaka na kuyabandika kwenye ukumbi wa chakula. Mimi Tokuji, msimamizi wenu, niliandika "Juhudi" miaka kumi na moja mfululizo. Wa kumi na mbili, kwa kuona nimekomaa, nikaandika "Juhudi zaidi." Nani angeniuliza kama nimefika? Lengo lile lilikuwa fremu isiyo na vioo: lanipendeza usoni, wala halinionyeshi kitu.

Mwaka huohuo Chinami, bintiye Mama Uozumi, akiwa darasa la kwanza, alichora familia yao ikila chajio: baba, bibi, yeye mwenyewe, na sahani iliyofunikwa nailoni.

"Mama yuko wapi?" mwalimu akamuuliza.

Mtoto akaigusa sahani. "Si huyu hapa?"

Januari iliyofuata Mama Uozumi akabandika karatasi yake: "Kila Jumatano, kuondoka saa kumi na moja."

Ndugu zangu, enzi hizo nani aliondoka kabla ya mkurugenzi? Hata mwenye homa alikohoa hapahapa mpaka saa mbili usiku. Mheshimiwa Kuroiwa akaisoma karatasi ile, nami nyuma yake nikitikisa kichwa kwa namna inayofaa upande wowote.

"Mama Uozumi, hili si lengo. Hii ni ratiba ya basi."

"Kweli, Bwana Mkurugenzi. Ila basi hufika. Hiyo Juhudi ya Tokuji imefika wapi?"

Jumatano ya kwanza akazima mashine, akainama, akasema, "Naombeni radhi kwa kutangulia." Hakuna aliyeinua uso. Jumatano ya pili nikampa fremu zilizokwaruzika kuliko zote.

"Usipozimaliza," nikamwambia, "utahamia kufunga maboksi."

"Huko kwenye maboksi wanatoka saa ngapi?"

Alizimaliza saa kumi na dakika hamsini. Nikazikagua kwa kioo cha kukuzia, nikitafuta mkwaruzo kwa matumaini makubwa. Sikuupata.

Jumatano ya tisa, saa mbili kasoro, tumebaki wawili, mkurugenzi akaniuliza, "Tokuji, huna kwako?"

"Ninako, mheshimiwa. Nasubiri uondoke."

"Mimi? Mimi nakusubiri wewe! Nitawaachaje watu wangu kazini?"

Miaka mingapi tuligandana hivyo mlangoni, tangulia wewe, hapana, wewe? Januari iliyofuata karatasi ya mkurugenzi ikasomeka: "Saa kumi na moja na nusu." Siku ya kwanza mkewe alipomwona mlangoni, akamwuliza anaumwa nini.

Vijana, andikeni lengo ambalo hata anayewachukia, akitazama saa, atakiri kwamba mmefika. Tena liwe na mtu anayelisubiri mezani.

Chinami yule pale mstari wa mbele, ameshika ufunguo wa gari. Mama Uozumi, kwa lile la maboksi, nakuomba msamaha mbele ya watu wote. Naona umeshavaa koti. Leo Jumatano, na zimebaki dakika mbili.

Wageni wetu, nawashukuru kwa masikio yenu. Mama, twende, nakusindikiza mpaka getini, kisha nami nashika njia ya kwangu.

Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba radhi kwa kutangulia.