Aliyekaa Mwisho wa Benchi

Kama umewahi kukaa kwenye foleni ya malori ya kwenda Zambia, umeshapita mbele yetu bila kujua. Benchi letu lipo Chapwa, hapa Tunduma mpakani, ni ubao wa bodi la lori lililopata ajali zamani, limeegemea ukuta wa duka ambalo mwenyewe alishahama. Reli iko nyuma ya nyumba: treni tunaisikia, hatuioni, na labda ndiyo maana tunaibishania sana. Benchi lina sheria moja tu. Anayekaa mwisho, upande wa mtaro, ndiye anayetumwa. Kibiriti kikikosekana anafuata yeye, na ubishi ukikosa ushahidi anaufuata yeye. Jana jioni mwenzetu Forodha alisema treni ya mizigo inayopanda kutoka Mbeya huvutwa na kichwa kimoja. Mzee Breki akaapa ni viwili. Walibishana mpaka kahawa ikapoa, na aliyekuwa amekaa mwisho ni Fanueli, fundi cherehani, kwa sababu alichelewa kufunga kibanda chake. Tukamwambia asubuhi apite kwenye kivuko cha reli atuletee picha. Akaitikia kwa upole, maana Fanueli hajawahi kumkatalia mtu, hata wanaomletea suruali ya kupunguza siku ya harusi yenyewe.

Asubuhi ukungu ulikuwa umetanda, wote tumejikunyata ndani ya makoti. Yassir, muuza kahawa wetu, ndiye aliyekuja na birika na habari kwa pamoja.

Yassir: Fundi kadakwa.

Forodha: Fundi yupi?

Yassir: Fanueli. Mlinzi wa reli kamkuta pale kivukoni kanyoosha simu, treni inapita. Akaita askari. Nimemwona kwa macho yangu anapandishwa pikipiki, mshikaki, yeye katikati.

Mzee Breki: Mwe! Kwa picha?

Yassir: Kwa picha, mzee wangu.

Kila mtu akatazama kikombe chake. Niseme ukweli, na mimi nina sehemu yangu. Wananiita Spea kwa kuwa nauza vipuri vya pikipiki, na jana ni mimi niliyesema, "Ushahidi uwe wa picha, maneno hatutaki." Forodha ndiye aliyeanza kuchambua. Jina lake ni Shaban, na amebeba karatasi za mawakala wa mizigo pale mpakani miaka mingi mpaka naye anaongea kama karatasi yenye muhuri.

Forodha: Tatizo la Fanueli ni utaratibu. Reli ni mali ya usalama. Kupiga picha reli unahitaji barua. Barua inatoka Dodoma, inapita mkoani, inapita wilayani, inafika kwa mjumbe wa nyumba kumi, halafu ndio unanyoosha simu.

Mimi: Na treni inakusubiri wakati wote huo?

Forodha: Spea, usilete utani kwenye mambo ya serikali. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Fanueli amechumia juani. Sasa yuko kivulini, selo.

Kwacha: Awe! Mnachukulia poa.

Huyo ni Gibson, mbadilisha fedha, mwenye Kibemba kingi kuliko Wazambia wenyewe. Tunamwita Kwacha, na "awe" yake ni "hapana".

Kwacha: Jiulizeni ile treni inakwenda kubeba nini. Shaba! Ushamwona mtu anapiga picha gari la shaba kwa nia njema? Wale wanadhani fundi anawachorea majambazi ramani. Anapiga picha, anapima kwa jicho. Yule ni fundi nguo, kupima ndiyo kazi yake.

Mzee Breki: Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwacha: Umeona? Wahenga walishamtaja.

Mimi: Fanueli anaogopa hata mbwa wa jirani. Ajambazie treni?

Kwacha: Jambazi mwoga ndiye hatari. Na kuna kubwa zaidi. Treni ile ni ndefu, sio mchezo. Kichwa kikishaingia Nakonde, mkia bado uko Tunduma. Sasa fundi kapiga picha. Nusu ya picha ni Tanzania, nusu ni Zambia. Atashtakiwa wapi?

Forodha: Kote kote! Tena hapo umenigusa kwenye taaluma. Picha imevuka mpaka. Imekaguliwa? Haikukaguliwa. Ina kibali? Haina. Hiyo ni magendo, mwanangu. Magendo ya picha.

Yassir: Lakini yeye alikuwa amesimama hapa hapa Chapwa.

Forodha: Mwili ulikuwa Chapwa. Jicho lilikuwa ng'ambo.

Mzee Breki alikuwa anatikisa kichwa muda wote. Huyu ni Mzee Nsajigwa, wa kule Ileje milimani, mguu wake mmoja una kasoro tangu ujana. Jina la Breki tulimpa kwa sababu yeye akianza kuongea hana.

Mzee Breki: Nyie vijana mnahangaika na mpaka. Simu ya siku hizi haipigi picha, inapeleka. Ukibonyeza hapa, kule juu kuna chuma kinazunguka, kinapokea. Kutoka kule inashuka kwa wazungu. Haba na haba hujaza kibaba. Leo kichwa cha treni, kesho behewa, keshokutwa wana reli nzima wanaikunja wanaondoka nayo.

Kwacha: Reli nzima?

Mzee Breki: Wanaanzia mbali ili tusisikie. Sasa askari watafanyaje? Watafungua simu ya Fanueli. Watakuta nini ndani?

Mzee Breki mwenyewe anatumia simu ya tochi, lakini alichokisema kilituingia sawasawa. Ndani ya simu ya Fanueli mlikuwa na kundi letu la wasapu, linaitwa Benchi. Sote tumo, kasoro Mzee, kwa majina na picha zetu.

Kwacha: Oya. Jana usiku si tuliandika mule?

Mimi: Wewe uliandika, "Fundi, usisahau kupiga kichwa."

Kwacha: Kupiga kichwa! Mama yangu! Hiyo mahakamani unaielezaje?

Forodha: Mimi niliandika nini?

Mimi: "Kazi ifanyike alfajiri, mlinzi akiwa amesinzia."

Forodha akavua kofia ya baraghashia, akaivaa tena. Halafu akageukia ukutani kama mtu anayetafuta mtandao. Simu yangu ikalia. *Forodha ameondoka.* Haujapita muda ikalia tena. *Kwacha ameondoka.*

Mimi: Jamani, mnamkimbia mwenzenu?

Forodha: Sijakimbia. Nimejiweka pembeni kupisha uchunguzi. Samaki mmoja akioza, wengine wanahama ndoo.

Kwacha: Na wewe je, mbona hujatoka?

Mimi: Mimi ndiye niliyeunda kundi. Siwezi.

Sikuwaambia kwamba nilikuwa nimeshabonyeza "Toka" mara mbili bila mafanikio, kwa sababu mtandao ulikuwa unayumba. Nilikuwa nabonyeza mara ya tatu nilipoona gauni la kitenge mbele yangu. Tabita, mke wa Fanueli. Mkono mmoja amebeba hotipoti, mkono mwingine koti la mumewe, lile la kijivu alilolishona mwenyewe.

Tabita: Shikamoo, Mzee.

Mzee Breki: Marahaba, mwanangu.

Tabita: Hamjambo, shemeji zangu. Naenda kituoni. Ametoka bila koti, na selo wanasema sakafu yake ni baridi. Nimepita kuwauliza, aliyekwenda kumwona kamkuta katika hali gani?

Tukatazamana. Forodha akakohoa. Kwacha akaanza kuhesabu vifungo vya koti lake.

Tabita: Nani amekwenda?

Yassir alikuwa anamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

Tabita: Basi niambieni hili. Fanueli treni hana habari nazo. Tangu tuoane sijamsikia hata akiitaja. Nani alimtuma?

Hakupandisha sauti, na afadhali angefoka. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Watu wazima tumekaa tangu asubuhi, tumeshamfunga mwenzetu nchi mbili, tumemfanya jambazi na jasusi, na kituo cha polisi kipo mwendo wa kikombe kimoja cha kahawa.

Forodha: Kwa utaratibu wa hapa, shemeji, tuseme lilikuwa ni benchi...

Tabita: Benchi lina mdomo?

Mzee Breki ndiye aliyeanza kusimama. Aliushika ukuta, akauvuta ule mguu wake, akanyoosha mkono.

Mzee Breki: Lete hiyo hotipoti, mwanangu. Nitaibeba mimi. Mimi ndiye niliyesema viwili. Wakiniweka ndani, waniweke, nimeshazeeka.

Nikasimama na mimi. Nikamsogeza Kwacha kwa goti, akasimama. Forodha akasimama mwisho, akasema yeye ataongoza kwa sababu anajua kuongea na maofisa, lakini akatangulia kwa kukaa nyuma yetu. Tukaanza safari. Hatujafika hata kwenye lori moja bovu pale kona, Tabita akaachia koti likaanguka vumbini.

Fanueli alikuwa anakuja. Anatembea mwenyewe, mikono mitupu bila pingu, pembeni yake yuko askari wa kike. Tabita alimfikia kabla yetu. Hakumkumbatia, hapa kwetu barabarani watu hawakumbatiani, lakini alimshika mkono wa shati na hakuuachia. Mzee Breki akasema "ndaga, ndaga, ndaga", anamshukuru Mungu kwa lugha ya kwao. Mimi nilicheka peke yangu kama kichaa.

Tukarudi benchini. Fanueli tukamweka katikati, koti begani, hotipoti mapajani.

Mimi: Hawajakupiga?

Fanueli: Hata kidogo. Wamenipa chai.

Forodha: Walikuuliza nini? Sema kwa utaratibu.

Fanueli: Waliniuliza nani kanituma. Nikasema, benchi.

Kwacha: Uwiii!

Fanueli: Mkuu wa kituo akaandika. "Benchi ni nani?" Nikasema, benchi ni benchi, afande. Liko Chapwa. Akafungua simu, akakuta kundi linaitwa Benchi. Hapo sura ikabadilika. Akasoma, "usisahau kupiga kichwa." Akasoma ya alfajiri na mlinzi kusinzia. Nikajua nimekwisha. Nilimuwaza Tabita tu.

Tabita akamwekea koti vizuri.

Fanueli: Akasema, huu ni mtandao. Akawaita na wenzake waje waone. Sasa wameizunguka simu pale mezani, mara ikalia. "Forodha ameondoka." Wakatazamana. Ikalia tena. "Kwacha ameondoka." Yule mkuu akanitazama. Akaniuliza, "Hawa ndio wenzako?" Nikasema ndio hao. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho. Akasema, "Nimefanya kazi hii miaka mingi, sijaona majasusi waoga kiasi hiki. Mwachieni akashone nguo."

Mzee Breki: Kwa hiyo woga wao ndio umekutoa?

Fanueli: Ndio, Mzee.

Forodha akajiweka sawa, akarekebisha kofia.

Forodha: Nilijua. Ule ulikuwa mkakati.

Tulicheka wote, mpaka Tabita, ingawa yeye alicheka huku anafuta jicho kwa upindo wa kitenge. Ndipo tukamkumbuka askari. Alikuwa bado amesimama.

Askari: Mimi Afande Dina. Mkuu kanituma nihakikishe hilo benchi lipo kweli.

Mimi: Ndilo hili, afande. Karibu. Yassir, mpe afande kahawa.

Afande Dina akalipapasa benchi kidogo, akakaa pale penye nafasi.

Kwacha: Fundi, turudi kwenye msingi. Picha iko wapi?

Fanueli akatoa simu. Tukabanana vichwa. Picha ilikuwa na kiganja cha mkono, kikubwa, kimejaa kuanzia juu mpaka chini.

Fanueli: Mlinzi aliziba.

Mzee Breki: Na wewe macho yako yaliona vingapi?

Fanueli: Nilikuwa natafuta pa kubonyeza, Mzee. Sikuangalia treni.

Forodha: Kwa hiyo ni kimoja.

Mzee Breki: Wapi kimoja? Viwili!

Afande: Ni viwili, mbona. Au ngoja... ile ya jana?

Forodha: Kimoja, afande, kwa heshima zote.

Afande: Nyie, ule mlima wa Vwawa treni ya mizigo itapanda kwa kichwa kimoja?

Tukaanza upya, na sasa polisi wamo. Fanueli alikuwa anakula ugali wake taratibu, wala hakutaka kuulizwa. Kwa mbali, upande wa Mpemba, honi ya treni ikalia. Halafu, bila kupangana, tukageuza macho kwenye mwisho wa benchi, upande wa mtaro. Aliyesema ni Tabita.

Tabita: Afande, samahani. Hapo ulipokaa ni mwisho.

Afande: Ndio, kuna nini?

Tabita: Anayekaa hapo ndiye anayetumwa. Ndivyo walivyomtuma mume wangu.

Afande Dina akatutazama mmoja mmoja. Nilidhani sasa tunapelekwa wote selo. Lakini akaweka kikombe chini, akatoa simu yake mfukoni, akasimama, akaelekea uchochoro wa kwenda kivukoni. Alipiga hatua kadhaa tu, akasimama. Akageuka.

Afande: Fundi, tulikwambia siku nyingine uombe ruhusa, si ndiyo?

Fanueli: Ndiyo, afande.

Afande: Sasa ruhusa yenyewe inaombwa kwa nani?

Fanueli akaacha kutafuna. Kwacha akamtazama Mzee Breki, Mzee Breki akamtazama Forodha, mtu wa barua na mihuri. Forodha akafungua mdomo, akanyoosha kidole kuelekea Dodoma, akakirudisha. Afande naye alikuwa anangoja kweli, simu mkononi. Nyuma ya nyumba treni ilipita kwa kishindo mpaka vikombe vikagongana kwenye sinia la Yassir, ikaendelea kuelekea Nakonde na vichwa vyake viwili, au kimoja.

Yassir akaliinamisha birika. Kahawa ilikuwa imekwisha.