Beseni Mlangoni pa Mama Mkwe

Bwana asifiwe! Eee, wavuvi wa usipa, ndivyo mnavyoitikia? Bwana asifiwe tena! Hapo sawa. Mimi ni shemasi wenu mpya, yule aliyekuwa akiendesha lori la makaa ya mawe kule Ngaka, na leo nataka kuwaeleza jinsi Mungu alivyonivusha mlango mmoja.

Ndugu zangu, tulipokuwa mafunzoni, mchungaji aliyetulea alituambia shemasi ni mtumishi, basi. Beseni kwanza, kanzu baadaye. Akanipeleka katika hospitali moja ya huku ziwani, wodi ya wanaume, niwaogeshe wagonjwa na kuwalisha mpaka nijue kama kweli nimeitwa. Kazi ile niliipenda.

Ndipo akaletwa mama mkwe wangu, kiharusi kimemlaza upande mmoja. Mila yetu mnaijua: mkwe hamgusi mama mkwe. Tangu nimwoe binti yake tulisalimiana kwa mbali, na tukikutana njiani mmoja wetu aliingia majanini. Basi mke wangu akamuuguza mama yake, mimi nikabaki na wanaume wangu.

Mchana mmoja mke wangu alikuwa jikoni nje akikoroga uji, na nesi amekimbilia chumba cha kujifungulia. Nikapita na beseni langu mlangoni pa wodi ya wanawake, nikasikia mtu anakoroma vibaya. Nikachungulia. Mama mkwe amelala chali, anatapika, na matapishi yanamrudia kooni.

Nikamwita nesi. Kimya. Nikamwita mke wangu. Kimya. Nikasimama pale mlangoni na beseni langu, ndugu zangu! Sikuwahi kuogopa hivyo, hata kwenye miteremko ya Mbinga na lori limeshiba makaa. Nikimshika, nimemvunjia heshima yeye na ukoo mzima. Nisipomshika, anakufa namtazama. Nikaomba: Bwana, mlete mtu mwingine. Hakuja mtu.

Mama akanitazama, akanyanyua ule mkono wake mzima.

"Shemasi," akasema kwa shida. "Nishike."

Nami sikuwa shemasi bado! Lakini niliingia. Nikamgeuza ubavu, nikamtoa matapishi mdomoni kwa kidole, nikamwosha, nikambadilisha shuka. Nilikuwa nalia, wala sioni haya kusema.

Habari ikaenea mwambao wote. Shemeji yangu Osmund, kaka wa mke wangu, alikuja nyumbani, akakataa kiti.

"Siku utakaposimama mbele ya askofu," akaniambia, "na mimi nitasimama."

Mke wangu akaitwa kwao, akaenda. Nyumba ikapoa. Kila nikipiga magoti nilijiuliza kama ni Mungu aliyeniita au ni kiburi changu tu. Nilimwambia mchungaji naacha, narudi kwenye lori. Akanijibu kwamba aliyeitwa hajizuii mwenyewe, nisubiri swali liulizwe.

Swali lenyewe mnalijua. Siku ya kuwekwa wakfu, askofu huwageukia watu na kuuliza kama yupo mwenye sababu ya kumzuia huyu. Akauliza. Nyuma yangu benchi likalia, na sikuhitaji kugeuka kujua ni Osmund. Nikasema moyoni, yamekwisha. Kisha nikasikia fimbo ikigonga sakafu, polepole, kutoka upande wa akina mama.

"Kaa, mwanangu," mama mkwe akasema. "Nilimwita mimi. Alikuwa shemasi wangu kabla hajawa wenu."

Osmund akakaa. Askofu akaendelea. Jioni ile mke wangu alirudi na sanduku lake kichwani.

Asante Yesu! Na mila yetu haijafa, msije mkasema nimeiua. Jana tu mama mkwe aliniona njiani, akaingia majanini na fimbo yake, nami nikacheka peke yangu kwa furaha. Ndugu yangu, kama leo umesimama mlangoni na beseni mkononi, unaogopa watu watasema nini, usingoje aje mwingine. Mtumaini Bwana, uingie. Yumo humo ndani, anakuita kwa jina ambalo bado hujapewa.