Lambert Semkiwa, Mtu Asiyesikia "Pamejaa"

Ndugu, jamaa na marafiki, tuliyemzunguka hapa ni Mzee Lambert Method Semkiwa, na hii ndiyo mara ya kwanza amekaa kimya mtu mwingine akisimulia habari zake. Mke wake, Mama Nancy, ameomba tusirefushe. Baada ya hapa anataka kubaki naye kidogo, wawili tu. Ombi hilo amelitoa tangu mwaka 1963, kwa hiyo tujitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1929 huko Magila, Muheza, Tanga, mtoto wa kwanza wa fundi seremala wa misheni. Alisoma shule ya hapo hapo misheni mpaka darasa la nne. Darasa la nne la wakati ule, vijana, si hili lenu. Marehemu alisoma ramani, alipiga hesabu za sehemu kichwani, na alisahihisha barua za watu ambao hawakumwomba.

Mwaka 1948 alishuka Tanga mjini, akaajiriwa kuwa msaidizi wa mpishi katika meli ya mizigo ya Waingereza, chini ya mpishi mkuu Bhanu, mtu wa Mombasa, mkali kama pilipili. Desemba 1950 meli hiyo ilipelekwa Hungnam, bandari ya Korea ya Kaskazini. Vita vilikuwa vimegeuka. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yamesukumwa na Wachina kutoka milimani mpaka ufukweni, na njia ya kutokea ilibaki bahari tu. Meli zikaja kuwahamisha askari na vifaru na malori yao, na nyuma yao wakasimama raia wengi mno kwenye baridi ya kukata masikio, wakiomba nao wachukuliwe.

Meli ya marehemu ilipakia mpaka ofisa akatangaza kwamba imejaa. Marehemu akaenda akafungua stoo ya viazi. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Tabia hiyo mnaijua. Akawaingiza watu humo, wakakaa juu ya magunia, wakabebana mapajani, mpaka mlango ukafungwa kwa kusukumwa kwa bega. Mizinga inalia, yeye anapanga watu kama sahani.

Sasa wale watu, safari nzima wamekaa gizani na visu vya kumenyea vimening'inia ukutani, nao wanataka kutoa shukurani. Walipokwisha kushuka Pusan, bandari ya kusini, Bhanu aliingia stoo akakuta magunia matupu na viazi vyote vimemenywa, vyeupe, vimepangwa vizuri.

"Lambert. Vyote?"

"Hawakuwa na kazi nyingine, bwana mkubwa."

Mabaharia walikula viazi asubuhi, mchana na jioni, na Bhanu hakumsemesha mpaka Singapore. Lakini marehemu alitoka pale ameharibika kabisa. Alikuwa ameamini kwamba anayesema pamejaa ni mtu ambaye hajafungua stoo zote. Miaka ya baadaye, vijana wa Wembley, London, walipomsikia akitaja Hungnam walikuwa wakimsahihisha: "Vietnam, mzee." Naye alikuwa akianza upya, kutoka Magila. Walijifunza kunyamaza.

Aliacha bahari mwaka 1961, akahamia London, akapika katika majiko ya uwanja wa Wembley mpaka alipostaafu mwaka 1994. Tarehe 18 Mei 1963 alifunga ndoa na Sesilia Mhina, nesi, binti wa Muheza vilevile, mrembo ambaye angeweza kumpata yeyote, hata mdogo wake marehemu, lakini yaliyopita yamepita. Walijaliwa watoto wawili, Nancy na Anselm.

Sesilia aliolewa na mume mmoja akapata bweni. Nyumba ya vyumba viwili, Wembley, ililaza wanafunzi, manesi wapya, watu wanaosubiri karatasi zao za ukaazi, na Mkongo mmoja na ngoma zake zote. Nancy alilala chumba kimoja na wageni mpaka siku ya harusi yake. Lifti ya jengo iliandikwa watu wanane; marehemu alimvuta wa tisa, ikakwama, wakaja zimamoto, naye akawaambia zimamoto wapande wajaribu wenyewe.

Mwaka 1998 ndoa ilitimiza miaka thelathini na mitano. Mama Nancy alitaka kitu kimoja: waende ufukweni Brighton, yeye na mume wake, siku moja, bila mtu wa tatu. Marehemu aliapa. Asubuhi akafika kituo cha mabasi akiwa na Evans, mwanafunzi wa Mbeya aliyekuwa akilala sebuleni, na jirani yao Harjit, pamoja na mama yake Harjit kwenye kiti cha magurudumu.

"Lambert, nilisema wawili."

"Mama Nancy, basi lilikuwa na viti."

Mama Nancy alikwenda Brighton amemgeuzia mgongo, akarudi hivyo hivyo. Picha ipo. Kila mtu anacheka isipokuwa mwenye sherehe.

Mwaka 2003 marehemu alianza kusumbuliwa na figo. Hospitali iliruhusu wageni wawili kwa kitanda. Yeye alipiga simu akaalika kwaya. Nesi Peris, dada yetu wa Kisumu, alichoka naye, akamwambia hapa si stendi. Mama Nancy alikuwa akija na uji na kukosa pa kukaa.

Jumapili tarehe 7 Novemba 2004 watu walikuwa kanisani na treni zilisimamishwa kwa matengenezo. Mama Nancy alikuja kwa basi, peke yake. Marehemu alitazama viti vitupu.

"Wengine wako wapi?"

"Leo niko mimi."

Marehemu akasogeza mkono wake juu ya shuka kumpisha. "Basi tunatosha."

Walikaa hivyo mchana wote. Saa kumi jioni alifariki.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na mdogo mmoja, huyu anayesema nanyi, ambaye ndiye mwenye sura.

Mwenyezi Mungu ampe Lambert usingizi mwema. Kaburi lake, hapa Alperton, ni la watu wawili. Nafasi iliyobaki ni ya Mama Nancy. Amesema yeyote asithubutu kuiomba.