Korongo la Mbele ya Mlango Wangu

Nawasalimu wote, kina mama, kina baba, na vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango. Mtanisamehe, sitasimama. Kiongozi wa kikundi chenu aliponifuata Nsemulwa akaniambia, "Njoo Ilembo utupe ushuhuda, tunataka kuanza kutunza mtaa wetu na watu bado wanasitasita," nilimjibu kwamba mimi si mtu wa hotuba. Akasema, "Hotuba tunazo. Tunataka yaliyokupata." Basi nitasema yaliyonipata. Majina ya watu nitayaacha, maana bado naishi nao na kila asubuhi tunasalimiana.

Mimi nimezaliwa Kapalamsenga, ziwani. Mume wangu alikuwa fundi mwashi. Alikuja kule kujenga madarasa, tukaonana, akanioa, akanileta Mpanda. Alipata kiwanja Nsemulwa, chini kabisa kwenye mteremko, akatujengea nyumba kwa mikono yake. Tukajaliwa binti mmoja. Binti akiwa bado hajaanza shule, mume wangu akaugua kifua, akafariki. Kaka yangu akawa ananitumia dagaa kwa lori, mimi nauza sokoni na kuwazungusha mitaani kwa beseni. Tuliishi hivyo na mwanangu, hatukulala njaa.

Sasa niwaambie kuhusu mtaa wenyewe. Kulikuwa na mtaro mmoja upande wa juu uliopeleka maji ya mvua bondeni. Ule mtaro ukajaa mchanga, mabua ya mahindi, chupa, mifuko, kila kitu. Hakuna aliyeuzibua, maana haukuwa wa mtu. Mvua ikija, kila mmoja anachukua jembe, anachimba kamfereji kake, anayasukuma maji yatoke kwake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ila nyumba yangu ilikuwa ya mwisho chini, na maji ya watu wote yakaja kukutana mbele ya mlango wangu. Msimu mmoja yakachora mstari. Msimu uliofuata likawa korongo, mtu mzima akiingia unamwona kichwa tu. Nikaweka magogo, nikawa napita juu yake.

Ndugu zangu, siku niliyoanguka haikuwa hata siku ya mvua. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, jua limeshatoka. Nilitoka na beseni la dagaa kichwani, nikakanyaga gogo, na ule udongo uliokuwa umelishikilia ukaondoka wote kwa pamoja. Nakumbuka dagaa wakinimwagikia usoni. Nakumbuka nilitaka kunyanyuka niwaokote, na miguu haikuja.

Hospitali walinitunza vizuri. Daktari alinieleza taratibu, akakaa kitandani pangu kama mtoto wangu, akasema, "Mama, mgongo umeumia. Miguu hii sitakuahidi." Parokiani wakanitafutia kiti hiki cha magurudumu mnachokiona. Nikashukuru. Lakini nilipofika nyumbani ndipo nikaelewa. Kiti kilikuwa na magurudumu, ila hakikuwa na njia. Kutoka mlangoni mpaka kwenye korongo ni hapo na pale tu. Nikikisogeza mbele, nafika ukingoni. Nikigeuza, narudi mlangoni. Masika yote dunia yangu ikawa hiyo.

Nilikuwa nakaa pale ukingoni natazama upande wa pili. Mnajua jinsi mtaa unavyosikika mtu akiwa nje na jinsi unavyosikika ukiwa huwezi kutoka? Nilisikia mwenye mashine ya kusaga akiwasha mashine. Nilisikia kina mama wakirudi kisimani, wakicheka jambo ambalo mwanzo wake sikuusikia. Jumapili nasikia kengele, naona watu wanapita na nguo zao nzuri, wananipungia mkono. Na mimi napunga. Wakishapita naanza kulia.

Kaka yangu alipokuja kuniona hakupenda. Akasema, "Dada, utaoza humu. Twende kwa mama." Na mimi, nawaambia ukweli, moyo uliruka. Miaka yote niliyokaa Mpanda nilikuwa nalikumbuka ziwa. Nikipaa samaki sokoni, harufu inanirudisha nyumbani. Nikasema sawa, nakwenda.

Lakini binti yangu alikuwa darasa la saba. Akakaa kwenye kizingiti, akaniuliza, "Mama, na mimi?" Nilitaka kumjibu tunakwenda wote, lakini nilijua kumhamisha mwaka ule ni kumharibia. Jirani yangu wa upande wa pili wa korongo, mama anayekaanga maandazi pale kwenye kona, ndiye aliyemjibu. Alisimama kule ng'ambo akasema, "Jirani, niachie mtoto. Atalala na wanangu. Wewe nenda kapumzike."

Siku ya kuondoka walinivusha nikiwa nimelazwa juu ya kitanda, wanaume wanne, wengine ndani ya korongo wananipokea kwa mabega. Binti alibeba kiti. Nilipopakiwa kwenye lori sikumtazama. Nilijua nikimtazama nitashuka.

Kapalamsenga mama yangu alinipokea kama mtoto mchanga. Ananiogesha, ananichagulia samaki mwenye mafuta, ananitoa nje asubuhi nilione ziwa. Wiki za mwanzo nilifurahi. Maji yale yale, vilima vya Kongo kule mbali vinaonekana hewa ikiwa safi, watoto wanaanika dagaa kama tulivyoanika sisi. Nikasema sasa nimefika nyumbani.

Kumbe sikuwa nimefika. Ilinishangaza jinsi nilivyoanza kuukumbuka ule mtaa wenye vumbi. Naamka asubuhi nasikiliza mashine ya kusaga, haipo. Nanusa, nasubiri harufu ya maandazi, inakuja harufu ya ziwa. Mama ananiuliza, "Mwanangu, unatafuta nini?" Nasema sitafuti kitu.

Simu kwetu haishiki kila mahali. Walikuwa wananisukuma mpaka karibu na shule, hapo mtandao unapatikana, ndipo naongea na binti. Mwanzoni ananieleza kila kitu: kaulizwa swali gani, kala nini, kuku wetu kataga wapi. Halafu maneno yakaanza kupungua. "Uko salama?" "Niko salama." "Umekula?" "Nimekula." Siku moja tukiwa tunaongea nikasikia anaitwa na jirani, akaondoa simu mdomoni kidogo akaitika, "Abee, mama." Alijua kwamba nimesikia. Sikumlaumu, wala jirani sikumlaumu. Mtu anayekulisha na kukufulia nguo utamwitaje? Lakini kina mama wenzangu mnaelewa. Kuanguka kwenye korongo kuliniumiza mgongo. Lile neno liliniumiza mahali ambapo daktari hafiki.

Baada ya hapo nikaacha kula. Mama akahangaika. Mwishowe nikaomba nisukumwe mpaka shuleni, nikampigia jirani yangu. Nikamwambia, "Jirani, nataka kurudi nyumbani kwangu."

Akaniuliza, "Utapita wapi?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Ni swali tu. Tukaagana, nikarudishwa nyumbani. Lakini lile swali, ndugu zangu, mimi lilinilaza kitandani, yeye lilimtoa nje. Haya nitakayosema sasa nilikuja kusimuliwa baadaye. Alikwenda kwa mjumbe, akaomba watu wakutane. Wakakutana pale kwenye mashine ya kusaga. Baba mmoja akasema, "Sisi tunamhurumia, lakini lile korongo liko kwenye kiwanja chake." Jirani yangu akamjibu, "Korongo liko kwake. Maji yaliyolichimba yalitoka kwako, na kwangu, na kwa kila aliyekaa hapa. Nani humu hajachimba mfereji?" Wanasema watu walitazama chini. Wengine walinuna wakaondoka. Mzee mmoja, mwenzetu aliyekulia makazi ya wakimbizi ya Katumba, akasema kwamba kwao mgonjwa alibebwa na kila nyumba kwa zamu mpaka zahanati, na hakuna aliyeuliza njia ni ya nani. Akasema, "Mimi Jumamosi nitakuwa pale na sururu yangu. Atakayekuja tutaonana."

Jumamosi ya kwanza walikuja wachache. Wakaanzia juu, wakauzibua ule mtaro wa zamani, maana kufukia korongo bila kuzibua mtaro ni kazi bure. Iliyofuata wakaongezeka. Waliokuwa wamenuna wakaona aibu kupita pembeni watu wakitoka jasho, wakaleta mabeleshi. Kina mama wakabeba mawe na moramu kwenye ndoo. Mwenye toroli akaleta toroli. Mtu akatoa mapipa ya chuma ya zamani, wakayakata pande zote mbili, wakayaunganisha yakawa kalavati, maji yapite chini na mtu apite juu.

Mimi sikujua lolote. Nilikuwa nimelala nimegeukia ukutani, mtoto wa kaka akaja mbio kusema nimepigiwa simu kwa mwalimu, niende shuleni nipige. Nikaogopa, nikajua binti ameugua. Walinisukuma, nikapiga. Binti akapokea. Akasema, "Mama, sikiliza." Halafu akaiinua simu juu.

Nikasikia chuma kinagonga mawe. Nikasikia mtu anasema leta hapa, leta hapa, na kina mama wanamcheka mtu, na kwa mbali mashine ya kusaga. Nilisikiliza. Nikauliza, "Wanafanya nini hao?"

Akasema, "Wanakutengenezea njia. Na mimi nabeba mchanga. Mama, urudi."

Mama yangu alikuwa nyuma ya kiti, ameshika vishikio, amesikia. Mama yangu ni mwanamke wa zamani wa kabila letu la Wabende, hana maneno mengi. Alinifuta uso kwa khanga yake, akasema, "Nitakufungia samaki wa kuwapelekea hao watu." Akageuza kiti tukarudi. Na mimi nilijua anavyojisikia, maana alichokuwa anakipoteza yeye siku ile ndicho nilichokuwa nakililia mimi.

Nilirudi na lori la dagaa, nikafika mchana. Walinishusha juu, mwanzo wa mtaa. Watu walikuwa wamesimama kila upande. Vijana wakaja kunisukuma, nikasema hapana, niacheni. Nikashika magurudumu mwenyewe. Nikashuka taratibu, nikapita mashine ya kusaga, nikapita kona ya maandazi, nikafika pale penye korongo na korongo halipo. Pana barabara ndogo, imeshindiliwa, na midomo ya mapipa inaonekana kila upande. Nikapita juu yake.

Binti alikuwa kwenye kizingiti. Alikuwa amerefuka. Aliniamkia, "Shikamoo mama," kwa adabu, amesimama mbali kidogo, kama mtu anayeamkia mgeni. Nikaitika marahaba. Tukatazamana. Nikamwambia, "Njoo basi, mimi ndiyo nimefika hivyo." Akaja, akaweka kichwa mapajani pangu. Miguu yangu haisikii kitu, ila siku ile nawaambia nilisikia uzito wake.

Alifaulu. Januari alikwenda shule ya bweni. Asubuhi ile nilimsindikiza mwenyewe mpaka barabarani kwenye gari, yeye na begi lake, mimi na kiti changu, tukienda tunaongea.

Msifikiri kila kitu kimekuwa kizuri. Mume wangu namkumbuka kila nikigusa ukuta alioujenga. Mama yangu yuko ziwani, anazeeka, na simu haishiki kila siku. Hata mtaani wapo ambao Jumamosi wanakumbuka kuwa na safari. Sisi tunaendelea. Mimi siwezi kushika sururu, napika uji wa watu wanaofanya kazi, na mvua ikikatika natoka kuangalia midomo ya mapipa. Nikiona imeziba, naita, na watu wanakuja.

Namshukuru Mungu. Namshukuru jirani aliyeniuliza swali ambalo sikulipenda. Namshukuru yule mzee wa sururu, na wale walionuna kisha wakarudi, hao ninawashukuru zaidi, maana kurudi ni kugumu. Na nyie watu wa Ilembo, nimeombwa niwaachie neno. Neno langu ni hili: mkianza kazi yenu, msianze kwa kuuliza hapa ni pa nani. Ulizeni ni nani asiyeweza kupita, muanzie kwake.

Naomba niishie hapo, mniruhusu niondoke mapema kidogo. Leo ni Jumamosi, na jioni kule bwenini huwa wanaruhusiwa simu. Binti akipiga, kitu cha kwanza ananiuliza, "Mama, uko wapi?" Nami napenda kumjibu kwamba niko nje.