Mkono Ndani ya Tanuri

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la kuoka mikate, mahali ambapo ukuta hutugawia joto asubuhi. Tulikuwa wanne. Breki, dereva wa lori mstaafu, ambaye hata akiwa abiria hukanyaga sakafu gari likikata kona. Wembe, kinyozi. Mimi. Na mwokaji wa duka hilo, Kiganja. Si Viganja, kama wengine wanavyokosea, maana mkono anaoutia tanurini kupima joto ni mmoja tu, wa kulia. Alfajiri hiyo tanuri jipya la umeme lilikuwa limemshinda. Kila alipofungua mlango atie mkono, joto lilitoka, mikate yote ikalala bila kuumuka. Tajiri alimwambia akirudia kesho, atahamishiwa kwenye kufunga mikate.

Wembe: Kaka, si lina kioo mlangoni? Chungulia tu.

Kiganja: Kioo kinanionyesha mkate. Mimi nataka joto.

Wembe: Joto limeandikwa pale juu kwa taa nyekundu.

Kiganja: Limeandikwa na nani?

Breki: Mwache. Kichwa chake kimeshakubali, mkono ndio haujapata habari. Mguu wangu mimi ni hivyo hivyo.

Wembe: Si mkono, ni masikio. Ukifika umri wetu yanaziba upande wa mambo mapya tu. Mke wangu akinong'ona habari za zamani huko jikoni, nasikia nikiwa nje. Akisema tuhamie kwa mwanetu, hata apige kelele sisikii.

Breki: Huo ni ujanja.

Wembe: Basi nywele. Wazo jipya huingilia kwenye mizizi ya nywele. Tazama upara wa Kiganja. Litapita wapi?

Kiganja: Cheka tu. Siku wakileta mashine inayonyoa yenyewe, wewe utashinda wapi mchana kutwa?

Wembe akatazama ndani ya kikombe chake cha kahawa.

Hapo akatoka msichana anayekanda unga, mgeni wa wiki hiyo, akijifuta mikono kwenye aproni.

Msichana: Shikamooni, wazee.

Tukaitikia.

Msichana: Baba, samahani. Yule aliyekufundisha kuoka, wewe ulipochukua nafasi yake, yeye alikwenda wapi?

Kiganja: Yule? Alikuwa...

Akamtazama Breki. Breki akanitazama mimi, kwa kuwa majina ya mtaa huu huulizwa mimi. Nilikumbuka kofia yake tu, si jina wala alikokwenda.

Kiganja akakiweka kikombe chini.

Kiganja: Kesho tanuri utaliwasha wewe. Mimi nitasimama nyuma yako. Ukiona mkono huu unaelekea mlangoni, uchape.

Msichana: Nimchape mtu mzima, baba?

Kiganja: Uchape mkono. Mimi nitakuwa upande wako.