Nyuzi za Gita la Marehemu Abdulkadir

Kijiwe chetu cha mtaa wa Langoni ni baraza ya mawe mbele ya nyumba ya Barka, muuza kahawa, mahali njia inapopinda na watu wawili hawapitani bila kusalimiana. Vijana wamempa Hamdu, mvuvi mstaafu wa Chundwa, jina la Chaza, na Ghassan, fundi wa injini za mashua, jina la Pistoni. Mimi hutumia majina waliyopewa na wazazi wao. Asubuhi ile Shuaib aliketi kati yetu, gita la besi la marehemu babake, Abdulkadir, limelala mapajani pake. Chumvi ya hewa ilikuwa imezila nyuzi zake nne, na mmoja umekatika. Ijumaa ni harusi ya dadake, Ibtihal, na mama yao, Bi Nana, ameomba jambo moja tu: alisikie gita likilia kama enzi za mumewe. Mwalimu Emily, jirani yetu, alikuwa akienda Mombasa kwa basi, arudi Alhamisi. Angenunua huko seti moja ya nyuzi, na wenye duka wameuliza kwa simu: nene au nyembamba? Laini au za mikwaruzo, zikwaruzazo kidole?

— Nyembamba, za mikwaruzo, alisema Ghassan. Kitu kipya king'are! Chanda chema huvikwa pete.

— Pete na gita wapi na wapi? akauliza Hamdu.

— Gita si lapigwa kwa vidole?

— Wewe rudi kwa injini zako. Nyuzi za Abdulkadir zilikuwa laini, zateleza kama samaki mkunga. Zikinguruma, maji yalitetemeka mtungini.

— Maji yalitetemeshwa na jenereta, Bwana Hamdu.

— Tafadhalini, alisema Shuaib. Mwalimu yuaja sasa hivi. Mashua ya kumvusha Mokowe akapande basi haimngoji mtu.

— Basi usiagize kitu, alisema Hamdu. Nina mshipi wa kuvulia papa, haujaguswa na maji.

— Mshipi! Ghassan alicheka hata kahawa ikamwagika. Gita la umeme halisikii plastiki, lataka chuma. Utampigia bibi harusi au utamvua?

Hamdu aliudhika, akahama hoja.

— Kwani sauti ile ilikuwa ya nyuzi? Ilikuwa ya kuta! Harusi ile ya kijijini Mbwajumali, alikopiga Abdulkadir, ilifanywa uani. Kuta za mawe ziliinywa sauti, zikaitoa polepole. Yeo mwapiga chini ya turubai. Turubai lakumbuka nini?

— Wala si kuta, alisema Barka. Abdulkadir alikula halua kabla ya kupiga. Samli ikatoka vidoleni, ikaingia nyuzini. Zile zilikuwa na halua ya miaka ishirini. Dukani watazipata wapi?

— Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, alisema Ghassan, na hakuna aliyemuuliza maana yake hapo.

Mimi husema machache. Lakini nilikuwa nimefumba macho, niko uani Mbwajumali, na sauti yapanda kutoka sakafuni, taratibu, kama maji yajaapo usiyaone.

Mwalimu Emily akatokea, mkoba begani.

— Hamjambo, wazee? Shuaib, ninunue gani?

— Twataka zenye sauti ya babake, alisema Hamdu.

— Sawa. Kwani ilikuwa inalia aje?

Hamdu akavumisha sauti nzito. Ghassan akavumisha yake, nyembamba. Mimi nilikuwa nayo wazi kichwani. Ilipofika kooni, haikuwepo.

Shuaib alipitisha kiganja juu ya nyuzi bila kuzigusa.

— Mimi sikuwahi kuisikia hata mwisho, Mwalimu. Nilikuwa mdogo, naketi nyuma yake, nimeegemea spika. Akianza tu, nalala. Asubuhi najikuta kitandani.

— Kwa hivyo?

— Mwambie mwenye duka akupigie zote. Wewe fumba mato. Zitakazokulaza, ndizo.

Emily alitutazama mmoja mmoja, kama darasa lililosahau madaftari.

— Na nikilala kweli, nani ataniamsha basi lisiniache?

Akashika njia ya pwani, akiimba kwa kufumba midomo, chini kwa chini, sijui wimbo gani.

— Ndiyo hiyo! alisema Hamdu.

— Siyo! alisema Ghassan.

Tukamgeukia Shuaib atuamue. Alikuwa amesinzia, shavu juu ya gita.