Mkanda Ulioshonwa Nyumbani kwa Mokami

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1985, Mzee Selestine Nyangwine atazima mashine ya kusaga ya kijiji chetu kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia miaka kumi na tisa. Nasema atazima kwa matumaini tu. Sisi tunaomfahamu tunajua kwamba kesho yake asubuhi atapita "kuangalia oili kidogo", na fundi atakayemrithi ajiandae kusimamiwa.

Aliajiriwa mwaka 1966, aliporudi kutoka mgodini alikojifunza injini za dizeli. Mwajiri wake alikuwa chama cha ushirika. Ushirika ulipovunjwa mashine ikawa mali ya kijiji, na uliporudishwa juzijuzi kibao cha mlangoni kikapakwa rangi upya. Tulipohamishwa kutoka kwenye maboma yetu ya zamani na kupangwa kwa mistari, mashine nayo ilihama juu ya tela la trekta, Mzee Selestine akitembea nyuma yake na kumfokea dereva kila penye shimo. Kitu pekee ambacho hakijabadilika ni kofia yake. Wanaokumbuka siku yake ya kwanza kazini wanasema ilikuwa ya kahawia, lakini kwa unga uliokwisha kuilalia hakuna awezaye kuapa.

Mimi Kezia nimekaa naye miaka kumi na miwili nikiwa karani wa mashine, pale mezani karibu na mlango, ndiyo maana nimepewa kazi ya kuandika haya. Nitataja mema yake na vituko vyake sitavificha. Ukali wake wa foleni unajulikana mpaka Sirari. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Tomaso, aliwahi kutuma debe lake lipitishwe mbele ya akina mama, likarudi nyumbani kama lilivyokuja, pamoja na salamu. Tena injini imemharibu masikio, kwa hiyo huongea na kila mtu kwa sauti ya kuita ng'ombe. Padri alishamwomba aje kuungama siku ambazo kanisani hakuna watu.

Kwa kazi, hana mpinzani. Miaka ile ya baada ya vita, dizeli ilipokuwa ya kutafuta kwa tochi, alikwenda Tarime mjini na pipa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, akarudi na nusu pipa, na kijiji kikala. Katika utumishi wake wote mashine haikuwahi kusimama kwa uzembe, isipokuwa siku mbili za Februari 1977. Kwa siku hizo alipewa onyo mbele ya mkutano wa kijiji, na onyo hilo ndilo doa lake pekee. Ninataka niandike juu ya hilo doa. Mokami, ambaye habari hii ni yake kuliko ilivyo yetu, ameniruhusu.

Mume wa Mokami alijitoa uhai mwishoni mwa mwaka 1975. Hakuna anayejua yote yaliyokuwa moyoni mwake, na sisi hatukuwa tumemuuliza. Kifo cha namna ile kwetu kilikuwa na taratibu zake: watu hawakai matanga, hawali chakula cha nyumba ile, na familia inahama mahali hapo. Zamani Mokami angehama. Sasa viwanja vilikuwa vimegawiwa kwa mistari, hakuwa na pa kwenda, akabaki na watoto wake wanne katikati ya majirani ambao walihamisha hata njia iliyopita kando ya nyumba yake. Wala hawakuwa watu wabaya. Waliogopa tu, kwa kudhani kwamba kifo hicho kinaambukiza.

Mashine ya kusaga nayo ina tabia yake. Unga wa aliyetangulia hautoki wote. Kiasi kinabaki tumboni mwa mashine na kutoka na unga wa anayefuata. Kwa hiyo Mokami alipofika, foleni ilivunjika nyuma yake. Kila mtu alikumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni. Mzee Selestine alianza kuleta debe lake mwenyewe kila Jumatano, siku aliyozoea kuja Mokami, akalisaga mara tu baada ya la Mokami, watu wakiona, na akaenda kula ugali wa unga huo. Wengine wakafuata, kwa kuwa sasa waliyemfuata alikuwa Selestine.

Sababu yake aliniambia siku moja injini ikinguruma, akiamini kwamba hakuna mwingine anayesikia. Kwa sauti ile, nusu ya foleni ilisikia. Kaka yake alikufa hivyohivyo wakati yeye angali kijana. Mama yao alipika chungu kikubwa, akangoja watu waje kulia naye, na chungu kikabaki kimejaa. Alisema mama yake alikifunika na kukifunua siku nzima.

Basi, ile Februari. Mvua ilikuwa inanukia, mashamba yameshalimwa, na foleni yetu ilikuwa ndefu. Mokami akafika na nusu gunia. Mzee Selestine akalifungua na kuingiza mkono, maana huwa hasagi kitu bila kukagua kama kuna mawe. Mahindi yalikuwa meusi kwa moshi. Hapa kwetu hata mtoto anajua mahindi ya namna hiyo: ni yale yanayochaguliwa wakati wa mavuno na kutundikwa juu ya moto, yawe mbegu. Mokami alikuwa ameleta mbegu zake kusaga, na mvua iko mlangoni.

Nilimwona Mzee akimtazama. Mokami alitazama chini. Halafu injini ikazimwa na kukawa kimya.

"Mkanda umekatika," akatangaza. "Karani, funga."

Mkanda ule, unaozungusha mashine kwa nguvu ya injini, mimi nilikaa karibu nao kuliko mtu yeyote, na ulikuwa mzima kabisa. Akina mama walinung'unika mpaka tukaona aibu. Yeye akauvua mkanda, akauning'iniza begani, akafunga gunia la Mokami kwenye baiskeli, na kutangaza tena kwamba atakwenda kuushona nyumbani kwa Mokami kwa kuwa ndiko kwenye kivuli. Mbele ya mashine yetu kuna kivuli cha kutosha harusi. Akaniita nimbebee sindano ya magunia, nikamfuata kwa sababu nilitaka kujua mwisho wa uongo huo.

Tulipofika alimketisha Mokami na kumuuliza kwa sauti ya chini, ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada ya hapo. "Mama, unataka kufa?"

Mokami akasema kwamba unga ule ungewatosha watoto mpaka kaka yake atakapokuja kuwachukua.

Mzee Selestine hakumhubiria. Hakumwambia habari ya dhambi, wala hakumkumbusha watoto, kwa kuwa mtu aliyekuwa anawawekea watoto akiba ya unga hakuwa amewasahau. Alisema, "Nimesikia. Asante kwa kuniambia." Akamweleza habari ya kaka yake na ya kile chungu. Halafu akauliza kama kuna chochote cha kupika, maana tuna njaa na kazi ni kubwa. Mokami akapika, tukala. Tonge la kwanza nilikula kwa woga, la pili kwa njaa. Baada ya kula, Mzee akachukua kisu na kufumua mshono mzuri wa mkanda, ili apate cha kushona.

Sasa watu wakaanza kufuatilia unga wao. Walisimama barabarani na kuuliza kwa mbali mkanda utapona lini. Yeye akaweka mkono sikioni. "Sisikii, sogeeni." Wakasogea kidogo. "Bado sisikii." Bibi Bhoke, aliyekuwa mkubwa kuliko wote kwenye foleni, alichoka na mchezo huo, akaingia mpaka uwanjani, akaketi na kuomba maji ya kunywa. Mokami akamletea kwenye kata kwa mikono miwili. Bibi akanywa yote, wenzake wakimtazama kama ataanguka, kisha akarudisha kata na kuomba mengine.

Kesho yake foleni nzima ilihamia pale. Akina mama walikuja na madebe yao kwa kuogopa kupoteza zamu, wakayapanga uwanjani kwa Mokami kama yalivyopangwa kwenye mashine. Watoto wao walipata kiu, wakanyweshwa. Alasiri akaja Mzee Tomaso, mwenyekiti, amekasirika kikwelikweli. "Mura," akamwita, kama wanaume wa kwetu wanavyoitana, "kijiji kinalala njaa na wewe unashona?" Mzee Selestine akamkaribisha, akamwomba amshikie upande wa pili ili akaze uzi. Mwenyekiti akashika. Nilimwona akiukagua mkanda, akaangalia gunia lililofunguka mdomo pale kwenye baiskeli, akaona weusi wa mahindi, na hasira ikamwisha usoni. Aliendelea kushika.

Mvua ikanyesha. Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu, ile isiyopiga hodi, na watu wote wakakimbilia ndani na madebe yao, mwenyekiti akiwa bado ameshika mkanda. Nyumba ambayo hakuna aliyekanyaga kwa zaidi ya mwaka ikajaa watu waliosimama kama magunia ghalani. Bibi Bhoke akalalamika kwamba kuna mtu anamkanyaga, na mtu huyo alikuwa mwenyekiti. Tukacheka. Nilikuwa nimebanwa karibu na Mokami. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na aliyekuwa upande wake wa pili alimshika mkono bila kuuliza kwa nini.

Asubuhi iliyofuata Benedicto, katekista wetu, alileta ng'ombe wake na kulima shamba la Mokami, lililokuwa bado halijalimwa. Wanawake waliokuwa wakingoja mkanda wakapanda zile mbegu. Bibi Bhoke akasema nyumba yake inavuja, akahamia kwa Mokami na kulala naye msimu wote wa mvua. Nyumba ya Bibi Bhoke ina bati, na haijavuja hata leo. Mchana mkanda ukatangazwa kuwa umepona.

Mkutano wa kijiji ulimwita Mzee Selestine ajieleze. Akasema mkanda ulikatika, basi. Jina la Mokami halikumtoka mdomoni. Mzee Tomaso, ambaye aliujua ukweli kwa mikono yake mwenyewe, alimpa onyo kwa kuwa sheria ni sheria, na adhabu ya kulima shamba la ujamaa kila Jumamosi kwa mwezi mzima. Aliitumikia akiimba, kwa hiyo tuliadhibiwa wote.

Miaka miwili baadaye kijana mmoja wa kijiji chetu alijitoa uhai, na watu wakaanza tena kukumbuka mambo waliyoacha jikoni. Mokami akasimama mkutanoni. "Mimi nilileta mbegu kusaga," akasema. "Mkanda haukukatika." Akaeleza yote kwa utulivu, akabeba debe lake na kwenda kukaa na mama wa yule kijana. Tulimfuata. Hapo ndipo walipozaliwa wale tunaowaita Wakaaji. Kila nyumba kumi zina Wakaaji wawili. Msiba wa namna hiyo ukitokea wanakaa pale, wanakula pale, na kwenye mashine wanasimama nyuma ya mfiwa. Mtu akionekana amejitenga au anagawa vitu vyake, wanakwenda na kumuuliza waziwazi, kama alivyoulizwa Mokami, na anayehitaji hospitali wanamsindikiza na kurudi naye. Hatukuwawahi wote. Tumezika wengine wawili tangu hapo, lakini hakuna mama aliyeachwa na chungu kilichojaa.

Habari zilifika mbali. Mwaka juzi wenzetu wa Machochwe walimwalika Mzee Selestine akawaeleze namna tunavyofanya. Alisafiri kutwa nzima juu ya lori, akapewa nafasi ya kuhutubia, akasema, "Kaeni nao, na mle," kisha akauliza mashine yao iko wapi. Alimaliza ziara yake chini ya injini. Wenyeji wanasema mpaka leo inawaka kwa hendeli moja.

Kamati ilipoandaa sherehe hii ilipendekeza lile onyo la 1977 lifutwe. Mzee Selestine alikataa. Alisema alidanganya kijiji kizima mchana kweupe na akaadhibiwa kwa haki, na angetaka onyo hilo libaki ili fundi anayekuja ajue bei ya uongo kama ule. Mokami naye, ambaye siku hizi anasoma vizuri kutokana na madarasa ya watu wazima, alipitia maandishi yangu na kunisahihisha mahali pamoja. Niliandika kwamba alikuwa amechoka kuishi. "Futa hapo," akaniambia. "Andika kwamba nilichoka kukaa peke yangu." Nimefuta.

Asante, Mzee wetu, kwa unga wa miaka yote hii, kwa makelele, na kwa siku mbili za njaa. Kamati imekununulia kiti cha kupumzikia, ingawa hatutegemei kukuona umekikalia. Mokami amekuletea mahindi ya moshi, uzao wa yale yale ya kwenye baiskeli, ambayo ameyachagua na kuyatundika kila mwaka tangu siku ile. Tunakuombea shamba jema, mvua za wakati wake, na masika mengi mbele yako. Mbegu hizo ni za kupanda. Ukituletea tuzisage, fundi mpya ameshaagizwa: mkanda utakatika.